Wairokoi walitoka wapi, na mbona leo wametawanyika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Kitchener, jimbo la Ontario, Kanada. Kila asubuhi shule anayosoma mwanangu husoma tamko fupi kwenye vipaza sauti: kwamba shule imesimama juu ya ardhi waliyoahidiwa Mataifa Sita, maili sita kila upande wa Mto Grand. Alipokuwa darasa la pili aliniuliza, "Mama, hao watu waliahidiwa na nani? Na sasa wako wapi?" Sikuwa na jibu, na niliona aibu, maana nilikuwa nimekaa juu ya ardhi hiyo miaka kadhaa bila kuuliza. Nikaanza kusoma, nikaenda kuona kwa macho. Haya ndiyo maswali ambayo ndugu na majirani wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakiniletea tangu hapo, na majibu niliyo na hakika nayo.

Wairokoi ni nani hasa?

Ni muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini ambao nchi yao ya asili ni sehemu kubwa ya jimbo la New York la leo, kusini mwa Ziwa Ontario. Ukianzia mashariki kwenda magharibi unawapata Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Waseneca. Hao ndio watano wa mwanzo. Watuscarora waliingia baadaye, mnamo 1722, ndiyo maana utasikia mara "Mataifa Matano", mara "Mataifa Sita".

Jina Irokoi lina maana ya pili pia. Wanaisimu hulitumia kwa jamii nzima ya lugha, na humo wamo watu ambao hawakuwa ndani ya muungano kabisa: Wawendat (ambao Wafaransa waliwaita Wahuroni), Waerie, Wasusquehannock na wengineo. Baadhi yao walikuwa maadui wakubwa wa Mataifa Matano. Usipotenganisha maana hizi mbili, vita vya karne ya 17 havitaeleweka.

Na Haudenosaunee ni nani tena?

Ni haohao. Irokoi ni jina lililotoka kwenye kalamu za Wafaransa na asili yake inabishaniwa mpaka leo. Wenyewe hujiita Haudenosaunee, ambalo kwa masikio ya Mswahili hutamkwa karibu na "Hodinoshoni". Maana yake ni watu wa nyumba ndefu.

Hata majina ya mataifa moja moja mengi ni ya kupewa. "Mohawk" ni jina la maadui zao wa mashariki, lenye maana ya wala watu. Wao hujiita Kanien'kehá:ka, watu wa mahali penye jiwe la gumegume. Lugha yao haina sauti p, b wala m, kwa hiyo Mmohawk anaweza kusimulia hadithi nzima kwa lugha yake bila midomo kugusana. Mama kwao ni *ista*. Dunia nzima inawaita kwa jina ambalo herufi yake ya kwanza haimo katika lugha yao.

Walitoka wapi?

Swali hili lina majibu ya aina mbili, na mimi siyatupi yote mawili.

La kwanza ni lao wenyewe. Mwanamke alianguka kutoka mbinguni, ndege wa majini wakampokea kwa mbawa zao, kobe akajitolea mgongo wake, mnyama wa majini akapiga mbizi akaleta tope kidogo kutoka chini, na tope hilo likatanuka likawa nchi. Ndiyo sababu wengi wao huiita Amerika Kaskazini Kisiwa cha Kobe. Waseneca wana simulizi yao ya karibu zaidi: walitokea kwenye kilima kilicho kando ya Ziwa Canandaigua, na kwa hilo wanaitwa watu wa kilima kikubwa. Katika simulizi hizi hawakuhamia kutoka kokote.

La pili ni la wanaakiolojia, nao wamebishana kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 1916 Arthur C. Parker, mwanaakiolojia ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiseneca, alipendekeza kwamba walitoka kusini-magharibi, upande wa mito ya Ohio na Mississippi. Mnamo 1952 Richard MacNeish alilinganisha vigae vya vyungu, tabaka kwa tabaka, akasema hapana: michoro ya shingo za vyungu inabadilika polepole bila kukatika, kwa hiyo watu ni walewale waliokuwapo hapohapo, wakabadilika taratibu hadi kuwa Wairokoi. Wazo hilo likatawala miaka 40. Ndipo katika miaka ya 1990 Dean Snow akaligeuza tena. Alisema wakulima wa mahindi waliingia New York kutoka Pennsylvania ya kati takriban mwaka 900, wakiwasukuma au kuwameza waliokuwapo.

Kisha watafiti wakaanza kukwangua masizi. Ndani ya vyungu vya kale hubaki ukoko wa chakula kilichoungua, na ndani ya ukoko huo kuna chembe ndogo sana za mimea zisizooza. Huko New York chembe za mahindi zimepatikana kwenye masizi ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kama mahindi yalipikwa pale zamani hivyo, huwezi tena kusema yaliletwa na wahamiaji wa mwaka 900. Leo wengi wameacha kutafuta msafara mmoja mkubwa. Wanazungumzia watu waliooana, lugha zilizoenea kwa ndoa na biashara, na familia zilizohama umbali mfupi vizazi kwa vizazi. Kwa maoni yangu jibu hili linapatana zaidi na namna watu hawa walivyoishi baadaye, kama utakavyoona.

Wacheroki ni ndugu zao?

Kwa lugha, ndiyo, lakini ni undugu wa mbali. Kicheroki ndicho tawi pekee la kusini la jamii hii ya lugha, na wanaisimu hukadiria kwamba kilitengana na la kaskazini miaka 3,500 hadi 4,000 iliyopita. Wacheroki hawakuwahi kuwa ndani ya muungano.

Nyumba ndefu ilikuwaje, na mbona vijiji vyao vilihama kila mara?

Karibu na mji wa Victor, New York, pana mahali paitwapo Ganondagan, palipokuwa mji mkubwa wa Waseneca katika karne ya 17. Wamejenga pale nyumba ndefu ya mfano, na mtu aliyekulia kwenye nyumba za miti na udongo anaielewa mara tu anapoingia: nguzo zimechimbiwa, fito zimefungwa kwa kamba za magamba ya miti, isipokuwa badala ya udongo ukuta umevikwa vipande vikubwa vya magome ya mti uitwao elm. Upana ni kama mita 6. Urefu ulitegemea familia. Nyingi zilikuwa mita 20 hadi 60, chache zilizidi 100. Katikati kuna ushoroba wenye mioto, na kila moto hutumiwa na familia mbili zinazotazamana, moja kulia na moja kushoto. Juu ya vitanda kuna uchaga, na darini mahindi yaliyosukwa kwa maganda yake yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Tundu za moshi ziko juu ya kila moto.

Waliokaa humo walikuwa wanawake wa ukoo mmoja na waume zao na watoto. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Binti akiolewa na nafasi ikiwa haitoshi, walibomoa ukuta wa mwisho, wakasimamisha nguzo mpya na kuongeza makombamoyo. "Kuongeza makombamoyo" hadi leo ndiyo namna yao ya kusema kuongeza sheria mpya au kupokea watu wapya.

Kuhama kwa kijiji kulikuwa jambo la kilimo. Mahindi, maharage na maboga, ambayo huyaita dada watatu, yalipandwa pamoja kwenye tuta moja. Baada ya miaka 10 hadi 20 shamba lilichoka, kuni zikawa mbali, magome ya nyumba yakaoza. Kijiji kikahamia kilomita chache, kikaanza upya. Wazungu waliokuta mahame haya walidhani wamekutana na wazururaji. Walikuwa wakulima wanaopumzisha ardhi, jambo ambalo mkulima yeyote wa kwetu analijua.

Muungano ulianzaje, na lini?

Mataifa haya matano yalikuwa yakiuana kwa visasi. Simulizi yao inasema alitokea mtu wanayemwita Mpatanishi, aliyezaliwa kwa Wawendat upande wa kaskazini mwa Ziwa Ontario. Jina lake halitajwi hovyo, nami sitalitaja. Wa kwanza kuupokea ujumbe wake alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, aliyekuwa akiwapikia wapiganaji wa pande zote. Kisha Hiawatha, mtu aliyefiwa na binti zake akawa anazunguka msituni kwa uchungu. Inasemwa aliokota vipande vya magamba ya majini, akavitunga kwenye uzi, akisema maneno ya kumfariji mtu mwenye msiba ambayo alitamani mtu mwingine angemwambia yeye. Mpatanishi akafika, akachukua nyuzi zilezile, akamwambia maneno yaleyale. Sherehe za kufariji wafiwa mpaka leo hufuata mpangilio huo.

Wa mwisho kukubali alikuwa Tadodaho, chifu wa Waonondaga, mwenye nyoka katika nywele zake. Hawakumwua. Walimchana nyoka nywelani, wakampa kiti cha mwenyekiti wa baraza. Silaha zikazikwa chini ya msonobari mweupe, tai akawekwa kileleni aangalie hatari. Baraza likawa na machifu 50: Wamohawk 9, Waoneida 9, Waonondaga 14, Wacayuga 10 na Waseneca 8. Nchi nzima ikafikiriwa kama nyumba ndefu moja: Wamohawk wanalinda mlango wa mashariki, Waseneca wa magharibi, Waonondaga wanatunza moto wa katikati.

Kuhusu tarehe: simulizi inataja jua kupatwa. Watafiti wengine hulihesabu kuwa la 1142, wengine la 1451, na wanaakiolojia wengi huuweka muungano kamili kwenye karne ya 15 au ya 16. Lililo wazi ni kwamba ulikuwapo kabla Mzungu yeyote hajaweka mguu katika nchi yao.

Mama wa ukoo ana mamlaka gani?

Ndiye anayemteua chifu, na ndiye anayemvua pembe. Ninasema pembe kwa sababu kofia ya chifu ina pembe za paa, na kumwondoa madarakani huitwa hivyo. Chifu akienda kinyume humwonya mara tatu. Mtoto huingia ukoo wa mama yake, na taifa la mama yake, hata kama baba ni wa taifa lingine.

Ni kweli jina Kanada limetoka kwao?

Limetoka kwa ndugu zao. Mnamo 1535 Mfaransa Jacques Cartier aliongozwa kwenye Mto Saint Lawrence na vijana wawili waliomwonyesha njia ya kwenda *kanata*, yaani kijijini. Yeye akadhani ni jina la nchi. Watu hao, ambao leo huitwa Wairokoi wa Saint Lawrence, walikuwa na mji Stadacona, palipo jiji la Quebec, na Hochelaga, palipo Montreal, wenye nyumba ndefu kama 50. Cartier alimteka chifu wao Donnacona akampeleka Ufaransa mnamo 1536, naye akafia huko.

Samuel de Champlain alipofika miaka 70 baadaye hakukuta hata mji mmoja. Vita, maradhi na baridi kali zote zimetajwa kuwa chanzo. Vyungu vyao vinaonekana baadaye katika vijiji vya Wawendat na vya Wairokoi wa New York, kwa hiyo inaelekea walionusurika walipokelewa na jamaa zao, wengine wakiwa mateka.

Vita vya Biva vilikuwa nini?

Biva ni mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Waholanzi walifungua kituo cha biashara Fort Orange, leo Albany, mnamo 1624, na Wamohawk walikuwa majirani wao wa karibu. Manyoya yakaenda, bunduki zikaja. Mnamo 1634 ndui nayo ikaja, ikafyeka vijiji.

Hapa wengi husimulia kana kwamba ilikuwa biashara tu, nami siafiki. Wairokoi walikuwa na desturi ya vita vya maombolezo: mtu akifa, mama wa ukoo angeweza kudai mateka wa kujaza nafasi yake. Mateka wengine waliteswa hadi kufa, na jambo hilo lisifichwe. Wengine, hasa wanawake na watoto, walioshwa, wakapewa jina la marehemu, wakaingia katika undugu wake wote. Ndui ilipoua watu kwa maelfu, nafasi za kujaza zikawa nyingi kupita kiasi, na sasa bunduki zilikuwapo. Wawendat walivunjwa mnamo 1649, majirani zao Wapetun muda mfupi baadaye, taifa lililoitwa la Wasiofungamana mnamo 1651, na Waerie katikati ya miaka ya 1650. Wamisionari wa Kijesuiti waliokaa nao miaka ya 1660 waliandika kwamba katika baadhi ya vijiji waliozaliwa humo walikuwa wachache kuliko waliopokelewa.

Wawendat wengine walikimbilia karibu na Quebec, na wapo huko hadi leo, Wendake. Wengine walikwenda magharibi, wakafika Ohio, kisha Kansas na Oklahoma. Na idadi kubwa wakawa Waseneca na Wamohawk.

Vita hivyo, vikiwa vimechanganyika na vya Wafaransa, vilimalizika rasmi mjini Montreal mnamo Agosti 1701, mbele ya wajumbe wapatao 1,300 wa mataifa karibu 40.

Kwa nini Wamohawk wengi wako karibu na Montreal na si New York?

Mnamo 1666 jeshi la Ufaransa lilichoma vijiji vya Wamohawk na akiba yao ya mahindi. Amani iliyofuata ikaleta mapadre, na kuanzia 1667 familia zilizobatizwa zikaanza kuhamia kaskazini, karibu na Montreal. Hapo ndipo Kahnawake ilipozaliwa. Kijiji chenyewe kilihama mara kadhaa kando ya mto hadi kutulia mahali pake pa sasa mnamo 1716. Mtakatifu Kateri Tekakwitha, aliyetangazwa na Kanisa Katoliki mnamo 2012, alikuwa mmoja wa wahamiaji hao. Alifia huko mnamo 1680 akiwa na miaka 24. Baadaye watu wa Kahnawake wakaanzisha Akwesasne.

Watuscarora walifikaje?

Walikuwa North Carolina. Walowezi waliwanyang'anya ardhi na kuwateka watoto wao kuwauza utumwani, vita vikalipuka mnamo 1711, na mnamo Machi 1713 ngome yao ya Neoheroka ilichomwa. Mamia waliuawa na mamia wakauzwa. Walionusurika walitembea kuelekea kaskazini kwa watu waliosema lugha inayofanana na yao. Waoneida wakawapa mahali pa kukaa, makombamoyo yakaongezwa.

Vita vya Uhuru wa Marekani viliwagawaje?

Viliwavunja. Baraza halikuafikiana, na mnamo 1777 moto wa katikati pale Onondaga ukafunikwa. Waoneida na Watuscarora wengi wakawa upande wa Wamarekani. Wamohawk, Waseneca, Wacayuga na Waonondaga wengi upande wa Waingereza. Agosti ya mwaka huohuo, kule Oriskany, walipigana wao kwa wao.

Mwaka 1779 George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan na amri ya kuharibu kabisa makazi yao. Sullivan aliripoti miji 40 iliyochomwa. Askari wake waliandika kwenye shajara zao kwa mshangao: walikuta nyumba za mbao, mashamba mapana ya mahindi yaliyokomaa, miti ya matofaa na mipichi imepandwa kwa mistari. Waliikata. Watu kama 5,000 walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali kuliko kawaida. Wengi walikufa kwa njaa na baridi nje ya kuta zake.

Wairokoi walimwita Washington kwa jina lenye maana ya Mharibu Miji. Mnamo 1790 chifu wa Waseneca, Cornplanter, alimwambia hivyo ana kwa ana: kwamba jina hilo likitajwa wanawake wao hutazama nyuma na kupauka, na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao.

Basi ile ahadi ya Mto Grand ni ipi?

Waingereza waliposaini amani na Marekani mnamo 1783, hawakuwataja Wairokoi hata kwa neno moja. Waliokuwa wamepigana upande wao wakajikuta nchi yao imekabidhiwa kwa adui. Thayendanegea, ambaye wengi humjua kwa jina la Joseph Brant, akadai fidia. Tarehe 25 Oktoba 1784 Gavana Frederick Haldimand akatoa tamko: Mataifa Sita wamiliki maili sita kila upande wa Mto Grand, kutoka Ziwa Erie hadi chanzo cha mto, wao na vizazi vyao milele. Ni karibu ekari 950,000. Kundi jingine la Wamohawk, chini ya John Deseronto, lilipewa ardhi kwenye Ghuba ya Quinte.

Leo wamebakiwa na ekari kama 46,000, chini ya asilimia 5. Sehemu iliuzwa na Brant mwenyewe, aliyeamini kwamba riba ya mauzo ingewalisha watu wake kwa kuwa wanyama wa kuwinda walikuwa wakiisha. Sehemu ilivamiwa na walowezi waliojenga kwanza na kuhalalishiwa baadaye. Fedha zilizowekwa serikalini kwa niaba yao zilitumika kwa miradi ambayo hawakuidhinisha. Kitchener yenyewe iko ndani ya Kitalu Namba 2, kilichouzwa 1798 kwa Richard Beasley na wenzake, kisha Wamenoni wa Kijerumani kutoka Pennsylvania wakanunua sehemu kubwa yake mnamo 1805. Mataifa Sita wameifikisha serikali mahakamani kuhusu hesabu hizo. Nilipomweleza mwanangu haya, akauliza kama nyumba yetu imo. Nikamwonyesha kwenye ramani. Imo.

Waoneida wamefikaje Wisconsin? Na wale wa Oklahoma?

Waoneida walipigana upande wa washindi, na bado walipoteza karibu ardhi yao yote kwa mikataba ya jimbo la New York. Kuanzia miaka ya 1820 kundi kubwa likahamia karibu na Green Bay, Wisconsin. Kundi jingine liliuza kilichobaki na mnamo 1840 likanunua kwa fedha zake zaidi ya ekari 5,000 kando ya Mto Thames, Ontario. Wachache walibaki.

Walioko Oklahoma ni uzao wa Waseneca na Wacayuga waliokuwa wametangulia Ohio, kwenye Mto Sandusky. Waliondolewa huko miaka ya 1831 na 1832.

Kuna mkataba wowote ambao Marekani bado inautekeleza?

Upo wa Canandaigua, wa tarehe 11 Novemba 1794. Kifungu chake cha sita kinaitaka Marekani kutoa bidhaa za dola 4,500 kila mwaka, na sehemu yake hulipwa kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kinaendelea kuletwa. Kwa bei za leo mgawo wa mtu ni kipande kidogo, lakini hawakubali kubadilishiwa kuwa fedha, kwa sababu kila kipande ni ushahidi kwamba mkataba u hai.

Mkataba huohuo uliwahakikishia Waseneca ardhi yao. Katika miaka ya 1960 Marekani ilijenga Bwawa la Kinzua kwenye Mto Allegheny, maji yakafunika ekari zao kama 10,000, na watu wapatao 600 wakahamishwa. Makaburi nayo yalifukuliwa na kuhamishwa.

Nimesikia Wamohawk ndio waliojenga maghorofa ya New York. Ni kweli?

Walikuwa miongoni mwa mafundi wa vyuma waliojenga mengi. Ilianza 1886 daraja la reli lilipojengwa karibu na Kahnawake na vijana wao wakaajiriwa. Tarehe 29 Agosti 1907 Daraja la Quebec, likiwa bado linajengwa, liliporomoka na kuua watu 75, na 33 kati yao walitoka Kahnawake. Kijiji kidogo kilipoteza wanaume 33 kwa siku moja. Makaburi yao yamewekewa misalaba ya vyuma vya daraja. Inasimuliwa kwamba wanawake ndio walioamua wanaume wasifanye kazi tena wote mahali pamoja, nao wakatawanyika kwenye miradi mbalimbali. Kwa njia hiyo mtaa mzima wa Wamohawk ukaota Brooklyn, wenye maduka yaliyouza unga wa mahindi wanaoutaka wao. Ijumaa jioni mafundi waliendesha gari usiku kucha kurudi Kahnawake, Jumapili usiku wakarudi kazini.

Na nywele za kiduku, ndizo zao?

Mtindo huo, ambao Tanzania tunauita kiduku, kwa Kiingereza umepewa jina la Wamohawk. Wanaume wao wa zamani hawakunyoa hivyo hasa. Walinyofoa nywele na kubakiza kishungi utosini.

Wao ni raia wa nchi gani? Mpaka haujawakata?

Umewakata, hasa Akwesasne. Kijiji hicho kimo ndani ya New York, Ontario na Quebec kwa pamoja, na mtu anaweza kuvuka forodha kwenda kumsalimia shangazi yake. Wengi hushikilia kwamba wao ni raia wa Haudenosaunee kwanza. Chifu wa Wacayuga, Deskaheh, alikwenda Geneva mnamo 1923 na pasipoti ya watu wake kuuomba Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, uwasikilize. Hakupewa nafasi rasmi, na mwaka uliofuata Kanada ikalivunja baraza la jadi la Mto Grand na kuweka la kuchaguliwa. Mnamo 2010 timu yao ya lakrosi, mchezo ulioasisiwa na wenyeji wa Amerika Kaskazini wakiwemo wao, ilikosa mashindano ya dunia mjini Manchester kwa sababu Uingereza haikuzikubali pasipoti hizo.

Nikitaka kujionea, niende wapi?

Ukiwa Ontario, anzia Brantford. Kanisa dogo la mbao la Wamohawk, la 1785, bado limesimama, na kaburi la Brant liko ubavuni mwake. Karibu nalo kuna kituo cha utamaduni cha Woodland, na katika uwanja huohuo jengo la matofali lililokuwa shule ya bweni ya Mohawk Institute, iliyofungwa 1970. Watoto walipelekwa humo na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Ndiyo sababu kubwa kwamba leo wanaozisema lugha hizi tangu utotoni ni wachache, na kwamba Wamohawk wamefungua shule zao za kufundisha kwa Kimohawk tupu. Pita nyuma ya jengo, inama kidogo utazame ukuta. Kwenye matofali, kwa kimo cha mtoto, kuna majina yaliyokwanguliwa. Nilikwenda na mwanangu akiwa na miaka 9, akayasoma moja moja kwa sauti.